Siamini, Sijaamini, Sijui

Hotuba hii niliitoa Jumamosi moja alasiri mbele ya kikundi cha vijana wasomaji, Kirumba, Mwanza. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, na mwishoni nimeweka maswali mawili niliyoulizwa na majibu yangu.

Mwadila, ndugu zangu. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana, asanteni kwa kunialika, na asanteni zaidi kwa kuwaleta wazazi wenu, maana jambo hili la kuamini na kutoamini halizungumzwi vizuri pale ambapo upande mmoja haupo.

Wiki mbili zilizopita vijana wawili wa kikundi hiki walikuja nyumbani kwangu. Niliwafundisha fizikia wote wawili, kwa hiyo nawajua tangu sauti zao hazijavunjika. Walikuwa wamegombana. Mmoja alikuwa amewaambia wazazi wake, "Siamini kwamba Mungu yupo." Mwenzake akawaambia wa kwake, "Sijui kama Mungu yupo." Kwa wazazi kosa lilikuwa lile lile, na wote wawili walipelekwa kwenye mkesha wa maombi wiki hiyo hiyo. Lakini wao kwa wao hawakuelewana. Wa kwanza alimwita mwenzake mwoga, mtu aliyesimama kizingitini, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Wa pili akamjibu kwamba yeye anajifanya amekwenda mbinguni akapiga hodi akakuta hakuna mtu. Wakataka niamue nani ana haki.

Niliwapa chai, nikaomba muda. Nimeufikiria ugomvi wao kila siku tangu hapo, kwa sababu ni ugomvi ambao niliupigana mwenyewe, peke yangu, kwa miaka mingi.

Nianze na jina tunalowaita watu wa namna hii. Kiswahili kinasema mkana Mungu. Lisikilizeni neno hilo. Anayekana anakataa kitu anachokijua: mshitakiwa anakana shtaka, baba anakana mtoto, Petro alimkana Yesu kabla ya jogoo kuwika, na Petro alikuwa anamfahamu vizuri kabisa. Kwa hiyo kijana akiitwa mkana Mungu, amekwisha kuhukumiwa kabla hajafungua mdomo. Tunachomwambia ni kwamba anajua Mungu yupo, ila kiburi kimemziba kinywa. Majina mengine hayana nafuu. Mpagani waliitwa babu zetu Wasukuma, watu waliomtaja Liwelelo, yaani Mungu, na kuwatambikia wahenga wao, watu waliokuwa na imani tele. Walichokosa ni ubatizo tu.

Mambo haya hayakuanza kwetu. Wagiriki wa kale walikuwa na neno "atheos", mtu asiye na mungu, na lilikuwa tusi. Sokrate alihukumiwa kifo Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, na moja ya mashtaka lilikuwa kwamba haitambui miungu ya mji. Baadaye Warumi waliwaita Wakristo hivyo hivyo, kwa sababu Wakristo walikataa kutoa sadaka kwa miungu ya dola. Katika masimulizi ya kifo cha Polikarpo, askofu mzee wa Smirna, aliamriwa aseme "waondoeni hao wasio na mungu," akimaanisha Wakristo wenzake. Mzee aliutazama umati uliokuwa ukimzomea, akaunyoshea mkono, akasema maneno yale yale, lakini akiwakusudia wao. Wakristo mliomo humu ndani, babu zenu wa imani walichomwa moto kwa jina hili.

Jina la pili, uagnostiki, yaani msimamo wa anayesema sijui, ni changa. Lina umri wa kama miaka mia moja na hamsini na kitu, na tunamjua aliyelitunga. Ni Thomas Henry Huxley, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, rafiki na mtetezi wa Darwin. Mwaka 1869 alikuwa katika kikundi cha wasomi London ambamo kila mtu alikuja na imani yake yenye jina. Yeye peke yake hakuwa na jina, na aliandika baadaye kwamba alijiona kama mbweha aliyekatika mkia katikati ya wenzake wenye mikia. Akajitungia moja. Palikuwa na watu wa zamani walioitwa Wagnostiki, waliojigamba kwamba wanayajua mambo ya siri ya Mungu. Huxley akasema: basi mimi ni kinyume chao, maana mambo hayo hayo siyajui.

Lakini jina hilo lilikuwa na mizizi katika huzuni, na hapa naomba tukae kidogo. Mwezi Septemba 1860, miaka tisa kabla ya kulitunga, Huxley alimzika mtoto wake wa kwanza, Noel, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka minne. Homa ilimchukua kwa siku chache. Makaburini padre alisoma maneno ya Paulo kwa Wakorintho: kama wafu hawafufuki, na tule na kunywa, maana kesho tutakufa. Huxley aliumia sana. Alimwandikia rafiki yake, mchungaji Charles Kingsley, aliyemtumia barua ya rambirambi, kwamba haelewi kwa nini mtu aliyefiwa na kipenzi chake aambiwe kwamba, asipoamini ufufuo, hana budi kuishi kama mnyama. Hata nyani huwalilia watoto wao. Na katika barua hiyo hiyo akasema kuhusu uzima wa milele kwamba haukubali wala haukatai. Haoni sababu ya kuuamini, na hana njia ya kuuvunja.

Msomeni vizuri mtu huyu. Amesema mambo mawili kwa pumzi moja. Haoni sababu ya kuamini. Hilo ni la moyo wake. Hana njia ya kuthibitisha kinyume. Hilo ni la ujuzi wake. Ugomvi wa vijana wangu wawili uko pale pale, ndani ya sentensi ya mtu mmoja aliyefiwa.

Sisi tuna bahati ambayo Huxley hakuwa nayo. Tuna Kiswahili. Ukimwuliza kijana wa Mwanza kama ameoa, naye hajaoa, hasemi hapana. Anasema bado. Lugha yetu imetenga mlango mzima kwa mambo ambayo hayajawa. Siamini ni neno moja, sijaamini ni jingine. Sijui ni neno moja, sijajua ni jingine, na haijulikani kabisa, haitajulikana hata dunia iishe, ni jingine tena. Waagnostiki wenyewe wamegawanyika hapo. Wako wanaosema "sijajua," wakiacha mlango wazi, na wako wanaosema "haijulikani," wakiamini kwamba hata malaika akishuka bado tutabishana kama kweli ni malaika. Wanafalsafa wa Ulaya hulazimika kuandika kurasa kuitenganisha misimamo hii. Mama muuza dagaa pale Mwaloni anaitenganisha kwa silabi moja.

Na mtu wa ufuko huu alisema "hajui" kabla Huxley hajatunga neno lake. Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza, alipanda kilima karibu na hapa tulipo, akaliona ziwa, na papo hapo akaamini kwamba amepata chanzo cha mto Nile. Hakuwa amelizunguka. Hakuwa ameuona mto unaotoka. Aliona maji upande mmoja, basi. Mwenzake Richard Burton, aliyekuwa mgonjwa Kazeh, yaani Tabora, alikataa katakata, na baadaye akashikilia kwamba chanzo kitafutwe upande wa Ziwa Tanganyika. Mmoja aliamini bila ushahidi wa kutosha, mwingine alikataa bila ushahidi wa kutosha, na chuki yao iliendelea mpaka Speke alipokufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe mwaka 1864, siku moja kabla ya mdahalo ambao wote wawili walitazamiwa kuhudhuria.

Lakini Speke, katika maelezo yake, ametuachia mtu wa tatu. Alimwuliza mwenyeji mmoja aliyetembea sana ziwa linafika wapi upande wa kaskazini. Mtu yule akageukia kaskazini, akatupa mkono mbele mara nyingi huku akidatisha vidole, akasema hakuna anayejua, ila yeye anadhani linafika mwisho wa dunia. Hakuna anayejua, ila nadhani. Jina lake halikuandikwa. Kwangu mimi ni mwalimu wa mtaa huu. Alitenganisha anachojua na anachodhani, na wala hakuona aibu kuvisema vyote viwili mbele ya mgeni mwenye bunduki.

Mwaka 1875 mpelelezi mwingine, Henry Morton Stanley, aliondoka Kageye, si mbali na hapa, akalizunguka ziwa kwa mashua, na watu wakaridhika kwamba ni maji mamoja na kwamba Speke alikuwa amekisia sawa. Speke alikuwa na haki, lakini hakuwa anajua. Mwanafunzi akipata jibu sahihi kwa kubahatisha, mimi sikumpa alama zote.

Tatizo ni kwamba Mungu si ziwa. Hakuna Kageye ya kuondokea wala mashua ya kumzungukia. Wanaosema "haijulikani" wanategemea hapo hapo, na nakiri hoja yao ina uzito. Mgiriki Protagora aliisema zaidi ya miaka 2,400 iliyopita: juu ya miungu hawezi kujua kama ipo au haipo, kwa sababu jambo lenyewe ni gumu na maisha ya mtu ni mafupi.

Je, asiyejua anaruhusiwa kutoamini? Hapa ndipo kijana wangu wa pili alipokwama. Anadhani kwamba kwa kuwa hajui, ni lazima akae katikati. Bertrand Russell, mwanafalsafa Mwingereza, alilijibu jambo hili mwaka 1947. Alisema akizungumza na wanafalsafa atajiita mwagnostiki, kwa sababu hana hoja ya kuthibitisha kwamba Mungu hayupo. Akizungumza na mtu wa kawaida mtaani atasema haamini, kwa sababu vile vile hawezi kuthibitisha kwamba Zeus na Poseidon, miungu ya Wagiriki wa kale, hawapo, na hakuna anayemwita mwagnostiki wa Zeus. Naye Antony Flew, mwanafalsafa mwingine Mwingereza, mwaka 1972, alileta mfano wa mahakama: mshitakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe, na mzigo uko kwa anayedai. Kutoamini, kwake, ni mahali pa kuanzia, kabla ushahidi haujasomwa. (Flew huyo huyo, mzee wa zaidi ya miaka 80, alitangaza mwaka 2004 kwamba sasa anaamini yupo Mungu wa namna fulani. Wengi walimdhihaki. Mimi namheshimu; alikuwa amesema tangu zamani kwamba ataufuata ushahidi.)

Basi nilipowaita tena vijana wangu, nilimwuliza wa pili, yule wa sijui: "Umesali lini mara ya mwisho, kwa hiari yako?" Akafikiri. Miaka miwili, akasema. Nikamwambia, basi mwanangu, huamini. Nikamgeukia wa kwanza: "Na wewe, unajua kwamba hayupo? Unajua kama unavyojua maji huchemka?" Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Sijui, mwalimu." Walikuwa mtu mmoja. Kila mmoja alikuwa amejibu swali tofauti, akadhani mwenzake amelijibu vibaya swali lake. Na wapo wengine mnaoishi nao: wanaoamini na kukiri hawajui. Sheikh anapomaliza mawaidha kwa kusema wallahu aalam, Mungu ndiye ajuaye zaidi, anaamini, na papo hapo anaweka mpaka wa ujuzi wake. Imam Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu, alishikwa na shaka nzito, na mwaka 1095 akaacha kiti chake cha ualimu Baghdad. Barua za Mama Teresa zilizochapishwa mwaka 2007 zimejaa giza la miaka mingi. Sijui inakaa hata msikitini na kanisani.

Hata hivyo sitaki niwaachie picha kwamba haya ni michezo ya maneno. Mwaka 1877 William Kingdon Clifford, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa amenusurika yeye mwenyewe kuzama karibu na Sicily, aliandika juu ya mwenye meli. Meli yake imechoka, watu wamemwonya. Yeye anajituliza moyo: imesafiri mara nyingi ikarudi, Mungu atawalinda abiria. Anaamini kweli kabisa, wala hadanganyi. Meli inazama. Clifford anasema mtu huyu ana hatia, na angekuwa na hatia hata kama meli ingefika salama, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini bila kuikagua.

Nikiusoma mfano huo, nyinyi mnajua ninafikiria nini. Tarehe 21 Mei 1996. Mv Bukoba ilikuwa na uwezo wa abiria 430, na waliokufa walizidi 800. Mdogo wangu wa kiume alikuwamo. Meli ilipinduka karibu na Mwanza, sehemu ya kitako chake ikabaki juu ya maji, na ndani kulikuwa na watu hai, wakisikika wakigonga. Waliokuja kuokoa walitoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, na meli ikazama. Siwalaumu walioshika mashine ile. Walikuwa na moyo mwema kuliko watu wengi waliosimama pwani. Nimeishi na tundu lile kwa miaka yote hii, nikijua kwamba moyo mwema na uhakika havitoshi, alihitajika mtu mmoja wa kusema, "Ngoja, hatujajua kinachoishikilia."

Walizikwa wengi Igoma. Mhubiri mmoja alisema pale kwamba ni mpango wa Mungu, na waliosalimika ni waliosali. Alilisema bila kusita. Midomo yangu haikuweza kusema amina, na haijaweza tangu siku ile. Kwa hiyo nikiulizwa mimi ni nani kati ya hawa wawili, nasema wazi mbele ya wazee wangu: siamini, na sijui.

Kanda yetu inalijua vizuri zaidi ya kanda nyingine gharama ya kudai ujuzi usiokuwepo. Vikongwe wameuawa Usukumani kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa kinyesi cha ng'ombe na kuni walizopikia wajukuu. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa neno la mganga. Hakuna aliyeuliza: umejuaje? Na ndugu zangu msioamini, msitabasamu. Albania mwaka 1967 ilitangaza kwamba ni nchi isiyo na Mungu. Misikiti na makanisa yalifungwa, na kusali kukawa kosa mpaka mwaka 1990. Watawala wale nao walidai wanajua. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani, na uhuru wa kubadilisha dini. Ni ulinzi wa anayesali na wa asiyesali.

Neno moja kwa kijana wa sijui, kwa sababu namwona anafurahi. Mwanafalsafa Mmarekani William James alimjibu Clifford mwaka 1896 kwamba yapo maswali yasiyosubiri. Kivuko cha Kamanga kikishapiga honi, ukibaki gatini ukisema sijaamua, umekwisha kuamua. Unaoa kanisani au bomani? Unabatiza mtoto au hubatizi? Sijui inaruhusiwa, lakini haikuondolei siku ya kuchagua, na usiitumie kujificha kwa mama yako.

Sasa maswali.

Mzee mmoja aliuliza: "Mwalimu, mtu asiye na jumuiya, nani atamzika?"

Mzee wangu, asante. Hilo ndilo swali linalowanyamazisha wengi zaidi kuliko falsafa yote niliyoisema. Kuna vijana humu ambao hawaamini, na wanalipa michango ya jumuiya kila mwezi kwa hofu ya jeneza lao kukosa wabebaji. Mimi sitawakataza kulipa. Najua kwamba mahakamani sheria imempatia nafasi asiyekuwa na dini, anathibitisha badala ya kuapa. Kwenye msiba hakuna sheria. Kuna majirani. Mimi nimechanga kwenye kila msiba wa mtaa wetu, nimemenya ndizi na kukesha na wafiwa, na nimewaambia watoto wangu: wanizike Ukerewe kando ya mama, na atakayetaka kusali asali.

Kisha mama wa mmoja wa vijana wale wawili alisimama. Sitasema wa yupi. Alisema, "Mwalimu, mimi sielewi hayo majina. Niambie tu nikae naye vipi nyumbani."

Dada yangu, nitakueleza mama yangu alivyokaa na mimi. Alikuwa Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni. Ile Mei tulikaa bandarini siku tatu tukimngoja mdogo wangu, na mwili wake haukupatikana. Siku ya tatu nilimgeukia nikamwuliza, kwa ukali ambao sikuwahi kumwonyesha, Mungu wako yuko wapi. Nilitegemea anikemee. Akasema, "Sijui, mwanangu." Kisha akachezesha punje ya rozari, akaendelea kuyatazama maji. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mimi sikurudi kanisani, na hatukuwahi kuulizana tena. Nilikuwa nikienda Ukerewe kila likizo. Anasonga ugali wa muhogo, anaweka sato mezani, ananawa, anafumba macho anasali. Nami nanyamaza nimengoja, mkono wangu hausogei. Akimaliza ananimegea upande wa kichwa, kwa sababu anajua ndio ninaoupenda, na tunakula.